Mshikio wa Sita wa Jeneza la Nahodha Torgils

Nahodha Torgils Halsvåg, anayesindikizwa leo Ijumaa, tarehe 12 Novemba 2021, kutoka kanisa la Skarvøy, hakupenda hotuba. Kuhusu wasifu huu aliacha maagizo mawili tu: usomwe na binti yake Ragnfrid, na usiwe na uongo ndani yake, hata ule wa adabu. Agizo la pili limemtesa binti huyo wiki nzima, maana msibani watu wamezoea kusitiriana. Lakini neno la marehemu ni neno, na aliyeona vibaya mlango uko wazi.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya manjano iliyo juu ya gati, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Eilert Halsvåg, mvuvi wa chewa, na mkewe Petrine. Mama Petrine alikuwa mtunza bata bahari, wale wanaokuja kila masika kutagia kwenye vibanda tunavyowajengea, nao wakiondoka hutuachia manyoya yao kama kodi ya nyumba. Wakati wa kuatamia, pale kwao hakuna aliyeruhusiwa kupiga nyundo wala kumkaripia mtoto nje. Torgils alijifunza kutembea taratibu na kusema chini chini tangu hajaota meno yote, na hakuacha mpaka kufa. Wapo waliodhani sauti ile ndogo ni ya mtu asiye na la kusema.

Alisoma shule ya kisiwa kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha chuo cha ubaharia huko Bodø, alikomaliza mwaka 1970. Imla ilimshinda, mafundo ya kamba hayakumshinda. Katika ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika: "Torgils hasemi jambo mara mbili." Wazazi wake waliitundika ukutani kama sifa. Ilikuwa sifa kweli, na baadaye ikamgharimu.

Alianza kazi katika mashua ya baba yake, kisha katika meli za kusambaza mafuta pwani. Mwezi Mei 1979 meli yake ilishiriki zoezi la kusafisha mafuta yaliyomwagika baharini. Siku hizo, kama sasa, hakuna aliyethubutu kumwaga mafuta ya kweli ili tu watu wajifunze, kwa hiyo yakamwagwa magunia ya bisi, zielee na kusambaa kama mafuta, na meli zizizingire. Bisi zilikaangwa katika jiko la shule. Msichana mmoja wa jikoni, Solbjørg Brekkvik, aliona ni aibu bisi kutoka jikoni kwake zikiwa kavu, akazitia siagi na chumvi. Shakwe wakaja kutoka visiwa vyote. Meli hazijashusha hata kamba, mafuta yote yalikuwa yameliwa, na mkaguzi hakujua aandike nini. Torgils alikwenda jikoni kumtafuta mhusika. Solbjørg alimwambia bila kugeuka, "Kama umekuja kulalamika, panga foleni nyuma ya mkaguzi." Hakulalamika. Walifunga ndoa tarehe 21 Juni 1980 katika kanisa hili hili, na shahidi wa bwana harusi alikuwa Arnljot Brekkvik, kaka wa bibi harusi, ambaye leo amekaa safu ya pili upande wa kushoto.

Mwezi Septemba 2003 Arnljot, ambaye sasa alikuwa na kampuni, alipata mkataba wa kuweka meli mbili za tahadhari: Havdis hapa Skarvøy, na Siglaug kule Kvalnes, mwendo wa saa saba kusini. Meli ya tahadhari hulipwa kwa kusubiri. Hufanya kazi zake ndogo karibu na nyumbani, lakini mafuta yakimwagika huacha kila kitu na kung'oa nanga ndani ya saa moja. Mkataba ulitaka kila meli iwe na vifaa vyake: pampu ya kukomba mafuta, na kizuizi, yaani lile bomba la mpira la mita mia tatu linalojazwa upepo na kuelea ili kuyazingira. Unahodha wa Havdis alipewa Torgils. Alilitangaza jambo hilo nyumbani kwa sentensi moja, kisha akaenda kupaka rangi mlango ambao haukuhitaji rangi.

Siglaug ilikaguliwa kila Mei, na Havdis kila Septemba. Kabla ya ukaguzi wa Havdis vifaa vilipelekwa karakana ya Kvalnes kuandaliwa, na baada yake kuoshwa, kila mara vikarudi ndani ya sanduku la chuma lililopigwa lakiri. Lakiri hiyo haikuvunjwa ila kwa zoezi au kwa ajali, maana ukiivunja, meli inatoka kwenye tahadhari mpaka mkaguzi aje tena. Kila tarehe mosi nahodha alifungua ghala la gatini, akalikagua sanduku kwa nje, akaandika daftarini: vifaa vipo, lakiri nzima. Akatia saini mara sitini na tano.

Hapo ndipo kosa lake lilipo, na wasifu huu hauwezi kulificha. Aliandika kuwa vipo vitu ambavyo hakuviona. Sanduku lilitoka kwa shemeji yake, na katika kisiwa hiki kuvunja lakiri ya shemeji ni kumwita mwizi mbele za watu. Mtu aliyesimama nawe madhabahuni humpekui.

Alhamisi, tarehe 12 Februari 2009, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, simu ililia. Meli ya mizigo ilikuwa imepanda mwamba wa Lyngskjær, na tangi lake lilikuwa limepasuka. Havdis ilitoka gatini baada ya dakika arobaini na moja. Walipofika, mafuta yalikuwa bado mamoja, meusi, yamekusanyika upande wa kusini wa mwamba, na upepo ulikuwa umelala. Mabaharia waliokuwepo wanakubali mpaka leo kwamba kizuizi kimoja kingetosha. Marehemu akavunja lakiri. Ndani ya sanduku mlikuwa na nyavu kuukuu na matofali ya zege. Uzito ulikuwa sawasawa kabisa, kwa hiyo winchi haikuwahi kumwambia kitu.

Alimpigia shemeji yake akiwa amesimama pale pale kwenye sitaha. Oddmar, fundi mitambo wa Havdis, alisikia yote.

"Shemeji, nimefungua sanduku."

Arnljot akauliza, "Nani kakuruhusu kufungua?"

Marehemu alisema miaka mingi baadaye kwamba hapo ndipo alipoelewa. Mtu asiyejua angeuliza mna nini ndani.

Siglaug ilifika baada ya saa saba na nusu. Upepo ulikuwa umeamka, na mafuta yalikuwa yameingia mkondoni, mahali bata bahari wanapokaa majira ya baridi. Mabaharia wake walipojaza kizuizi chao upepo, kila mtu kwenye Havdis aliona kiraka cha manjano katikati yake. Marehemu alikijua. Alikishona kwa mkono wake kwenye zoezi la Septemba 2007, mpira ulipochanika kwenye jiwe, naye akakata mkono wa koti la mvua la mkewe kwa kukosa kitu kingine. Kiraka cha Skarvøy kilikuwa kwenye kifaa ambacho, kwa mujibu wa mkataba, hakijawahi kutoka Kvalnes. Seti ilikuwa moja siku zote. Ilisafirishwa kwa lori na kivuko kati ya Mei na Septemba, ikala viapo viwili kila mwaka, kimoja cha Siglaug na kimoja cha Havdis.

Masika yale vibanda vya Mama Solbjørg, vilivyokuwa na bata sitini na wawili, vilipata wanne. Alikwenda kuvitazama kila asubuhi hata hivyo, na kila asubuhi alibadilisha majani makavu ambayo hakuna aliyeyalalia.

Jumamosi, tarehe 18 Aprili, siku mbili kabla ya baraza la uchunguzi kukaa mjini, Arnljot alikuja nyumbani. Aliketi mezani, akala chewa kwa maini, akaomba kuongezewa viazi. Ragnfrid ndiye aliyempakulia.

"Jumatatu nitasema mwenyewe," aliahidi. "Ni mzigo wangu, nitautua mimi. Ila wewe nyamaza, Torgils. Usinitangulie. Nisiaibishwe na mume wa dada yangu."

"Utasema yote?"

"Yote. Mbele ya dada yangu, naapa."

Jumatatu marehemu alikaa barazani akiwa amenyamaza, kama alivyoombwa. Arnljot akasimama akiwa na tai ya harusini, akaeleza kwa huzuni kubwa kwamba vifaa vilikuwa seti mbili, kwamba ufunguo wa ghala la Skarvøy ulikuwa kwa nahodha, na kwamba saini sitini na tano zilikuwa za nahodha. Vilikokwenda vifaa hivyo, alisema, yeye asingependa kukisia, maana huyu ni ndugu. Marehemu alipopewa nafasi alisema ukweli mara moja, kwa sauti yake ile ya chini, na hakuurudia. Karani alimwomba apaze sauti. Kuhusu kiraka, waliulizwa watu watatu wa Havdis waliokuwa sitahani siku ile, Oddmar akiwemo. Wote watatu walikula kwenye kampuni ya Arnljot. Wote watatu walisema kulikuwa na ukungu.

Hapakuwa na ukungu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba wengine watasimama kando wakikutazama ukiliwa.

Marehemu alinyang'anywa leseni tarehe 4 Juni 2009. Dukani mazungumzo yalikatika akiingia. Watoto walimwita Nahodha Nyavu, na watoto hawabuni majina hayo wenyewe. Hakuhama. Mkewe alipotaka kukata undugu na kaka yake, alimkataza, akasema mtu mmoja kumpoteza Arnljot inatosha. Akachukua mbao, akaanza kujenga vibanda vya bata, vitano au sita kila majira ya baridi, na kuvikagua kila tarehe mosi, akiinama na kuchungulia ndani hadi mwisho. Masika ya mwaka huu walitaga bata ishirini na watatu.

Mwezi Agosti 2020 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa mjini hadi Juni, kisha akaomba arudishwe kwenye chumba chenye dirisha linalotazama mkondo. Tarehe 9 Oktoba Oddmar alikuja kumwona, akiwa amestaafu kampuni ile wiki moja kabla. Hakuketi. Alitoa mfukoni kipande cha mpira chenye kiraka cha manjano, alichokikata kizuizi kilipotupwa mwaka 2014 na kukificha miaka saba.

"Hakukuwa na ukungu, Nahodha," alisema.

"Najua," alijibu marehemu. "Nilikuwepo." Kisha akamwambia aketi, kahawa inapoa.

Kiraka hicho kiko juu ya jeneza, kando ya shada la Mama Solbjørg. Mwenye shaka na akishike. Pindo lake lina mshono wa koti la mwanamke.

Nahodha Torgils alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 3 Novemba 2021, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono na dirisha likiwa wazi.

Ameacha mjane, Mama Solbjørg, binti, Ragnfrid, mjukuu, Eilert, dada yake, Gudlaug, Oddmar, ambaye yeye mwenyewe aliagiza ahesabiwe hapa, na shemeji mmoja, Arnljot Brekkvik.

Waliosoma karatasi ya ibada wameona kwamba wabebaji wa jeneza ni watano, na mstari wa sita una nukta tupu. Si kosa la mchapaji. Maneno ya marehemu, yaliyoandikwa na binti yake siku nne kabla ya kifo, ni haya: "Mshikio wa sita mwachieni Arnljot. Akisema kwa kinywa chake, hapo alipo, wanakisiwa wasikie, abebe. Asiposema, nibebeni watano. Sikuwahi kuwa mzito."

Marehemu alisubiri miaka kumi na miwili na miezi sita. Kengele ya kanisa itagonga kwa dakika tatu kabla jeneza halijainuliwa, na kwa dakika hizo Ragnfrid atabaki amesimama hapa, akitazama safu ya pili upande wa kushoto. Kengele ikinyamaza, watainua, kwa idadi yoyote itakayokuwepo.

Apumzike Nahodha Torgils. Zamu yake ya kusubiri imekwisha.