Triza Ayuma na Mashine Themanini na Mbili

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Triza Ayuma Kweyu atatoka kwenye lango la kiwanda chetu cha sare za shule, hapa Industrial Area, akiwa ametimiza miaka thelathini na sita na miezi minane kazini. Hakuna mwingine kati yetu aliyefikisha hata thelathini. Nusu ya mafundi wa mstari wa tatu wa mashine walikuwa hawajazaliwa alipokalia cherehani yake ya kwanza. Mmoja wao, ambaye jina lake nitalihifadhi, alimuuliza mwezi uliopita kama wakati huo mashine zilikuwa zinatumia kuni.

Alianza kazi tarehe 6 Februari 1989, msichana kutoka Butere aliyejifunza kushona kwa shangazi yake. Katika wiki ya kwanza alitia mkono wa kushoto upande wa kulia kwenye mashati arobaini, akalazimika kuyafumua yote mbele ya chumba kizima. Wakongwe wakambandika jina la Kushoto, na lilimganda miaka mingi. Kisa hicho amemsimulia kila mgeni aliyemkuta akilia chooni wiki yake ya kwanza, nami nikiwemo, mwaka 2004. Mimi nilikuwa nimejishona kidole. Alikifunga kwa kipande cha kitambaa, akanirudisha kwenye mashine kabla sijapata muda wa kuamua kuacha kazi.

Kola za Triza zilijulikana. Walimu wakuu waliokuja kukagua mzigo wao walikuwa wakizikunja, wakizivuta, wasione kasoro. Pamoja na ustadi huo, nafasi ya usimamizi wa mstari ilitangazwa mara tatu, mwaka 2001, 2008 na 2015, na mara zote tatu ilimpita. Mara ya tatu alipewa Bi. Kawsar Bulle, ambaye Triza mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Kawsar, mkuu wetu wa uzalishaji leo, anakumbuka vizuri siku hiyo.

“Nilijifungia stoo kwa aibu,” anasema. “Nilijua ile kazi ilikuwa yake. Nikasikia mlango unagongwa. ‘Kawsar, toka huko. Watu wanangoja uwaambie waanze na nini.’ Nikamwambia, Triza, mimi sikuiomba. Akasema, ‘Najua. Mimi ndiye niliyeiomba. Sasa toka.’”

Yaliyompata nyumbani hakuyasema sana kazini. Ameniruhusu kuyaandika hapa, baada ya kusoma rasimu na kuondoa sentensi mbili. Mwaka 1995 aliolewa na Masinde, karani wa baraza la jiji, wakapata chumba Jericho. Mwaka uliofuata alibeba mimba, ikatoka akiwa na miezi sita. Waliomba, wakangoja mtoto mwingine. Masinde aliugua mwanzoni mwa 1998, na kabla mwaka haujaisha akawa amezikwa kwao Kimilili. Mtoto mwingine hakuja. Hapa kiwandani karibu kila mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama fulani na Mama fulani. Yeye alibaki kuwa Triza tu. Sikuwahi kufikiria jambo hilo linamgusaje hadi alipolitaja mwenyewe, mwaka huu, tukiwa tunakunja sketi.

Jumapili alikwenda kanisani, akaketi na akina mama. Kila walipomwambia kwamba Mungu ana mpango naye, aliitikia amina. Kisha alirudi Jericho, akapika ugali wa mtu mmoja.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya corona, na shule zikifungwa hakuna anayenunua sare. Mwezi wa Aprili tukaitwa sote mia moja na sitini uwanjani, tukasimama mbali mbali na barakoa zetu, tukaambiwa twende nyumbani hadi tutakapoitwa. Mwenye kiwanda aliomba mtu mmoja abaki kutunza jengo. Vijana walitazama chini. Triza akanyoosha mkono.

Mlangoni alibaki mlinzi wetu, Naftaly, lakini Desemba naye akaondolewa. Kuanzia hapo Triza alikuwa peke yake ndani ya jengo lenye mashine themanini na mbili. Umeme ulikuwa umekatwa. Kila asubuhi alitembea kutoka Jericho, akafungua kufuli, akajifungia ndani, na hadi jioni hakuona mtu.

Hakuna aliyemwagiza zaidi ya kulinda funguo. Lakini yeye alijua kwamba cherehani isiyotembea hufa. Mafuta huganda, kutu huingia kwenye sindano, panya hula mikanda. Basi akajipangia mashine ishirini kwa siku. Aliinua turubai, akafuta vumbi, akatia tone la mafuta kila mahali panapostahili, kisha akalizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, mara hamsini. Akimaliza mashine moja alitaja jina la aliyekuwa akiikalia na kumwombea. Siku ya nne aliongeza mbili zilizobaki, mashine zote zikaisha. Siku ya tano alifagia. Wiki iliyofuata akaanza upya. Mvua za Aprili 2021 zilipofumua paa juu ya mstari wa kwanza, alisukuma mashine kumi na nne hadi pakavu, akiwa ametandika magunia chini ya miguu ya meza ili zitereze. Mgongo wake haujapona hadi leo.

Nasi, wale ambao majina yao yalikuwa yakitajwa humo ndani, tulikuwa tukihangaika. Mimi nilikuwa nikiuza mboga soko la Jericho. Siku moja Triza alikuja kununua mchicha. Nilishtuka jinsi alivyokonda.

“Bado unaenda pale?” nikamuuliza.

“Ninaenda.”

“Kwani kumebaki nini?”

“Mashine.”

“Triza, si uachane nazo tu? Hao watu hawarudi.”

“Wakirudi mtashonea nini?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilimuuliza kama yuko sawa, vile watu huuliza huku wakifunga mboga. Akaniambia, “Nabiswa, kuna siku sisikii sauti ya mtu mpaka nirudi nyumbani niwashe redio. Juzi nilijisalimia mwenyewe, nisikie tu kama bado naweza kuongea. Siku moja upite. Hata dakika kumi.”

Nikamwambia nitapita. Kutoka sokoni hadi kiwandani si mbali kwa mtu aliyezoea kutembea kutoka Mukuru kwa Njenga kama mimi. Sikupita. Nilikuwa na sababu, na kila wiki nilipata nyingine. Baadaye tulipoulizana, tuligundua kwamba kati ya watu mia moja na hamsini na tisa, aliyewahi kubisha lango lile alikuwa Kawsar peke yake, mara mbili. Sijaandika haya ili kuharibu sherehe. Nimeandika kwa sababu wasifu utakaosema tu kwamba alikuwa mvumilivu, bila kusema sisi tulikuwa wapi, hautakuwa wa kweli.

Shule zilikuwa zimefunguliwa tena, lakini mwenye kiwanda alikuwa ameamua kukiuza, na Juni 2021 alipatikana mnunuzi. Alikuja na watu wake, wakapima ukubwa wa jengo, wakasema wataanza Septemba. Triza alinunua sabuni, akaosha madirisha yote. Septemba ikaja, mnunuzi akapiga simu kwamba ameghairi. Mwezi uliofuata mwenye kiwanda alimleta mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu aangalie mashine. Yule mtu alizigongagonga kwa fimbo, hakutaka hata kuinua turubai.

Nilipokuwa nikiandaa wasifu huu nilimuuliza Triza jinsi alivyoendelea kumwamini Mungu baada ya siku hiyo. Nilitarajia jibu la kutia moyo la kuweka hapa. Alinijibu hivi:

“Sikuendelea. Nilimwambia Mungu nimechoka, na kwamba kama yupo amenyamaza vya kutosha. Sikuomba tena. Ilikuwa karibu wiki tatu. Nilikuwa nafika, natia mafuta, nazungusha, naenda kwa nyingine bila kutaja mtu. Hapo ndipo jengo lilikuwa tupu kabisa. Kabla ya hapo nilikuwa mpweke, lakini kulikuwa na mtu wa kunungunikia.”

Nikamuuliza ni nini kilichomrudisha.

“Hakuna kilichotokea. Nilifika kwa mashine ya Sylvance, ile ya thelathini na moja, mkono ukiwa kwenye gurudumu nikasikia nimesema, ‘Bwana, huyu mtu anapumua vibaya siku za baridi, mwangalie.’ Sikuwa nimepanga. Nikakaa kwa kiti cha Sylvance nikalia hadi saa ya chai. Hakunijibu. Lakini nilijua ninaongea na mtu. Nikaamua ningoje nikiwa naye, kuliko kungoja bila yeye. Kungoja ningengoja tu.”

Mauzo ya vyuma vikuukuu yalikawia kwa sababu mwenye kiwanda na yule mfanyabiashara hawakuelewana. Miezi tisa ikapita hivyo hivyo, asubuhi kwa asubuhi, mashine ishirini kwa siku. Julai 2022 akaja mnunuzi mwingine, mama wa makamo ambaye ndiye mkurugenzi wetu sasa. Alikuwa amekuja kuangalia jengo tu, alitaka kulifanya ghala. Aliandamana na fundi wake na jenereta ndogo ya kuwashia taa. Fundi aliinua turubai moja, akainama, akanusa mafuta. Akavuta waya wa jenereta hadi kwenye mashine hiyo, akatoa leso mfukoni, akaishona upindo kutoka pembe hadi pembe. Mshono ulinyooka. Akahamia ya pili. Akahamia ya tano.

“Madam,” akamwambia bosi wake, “hizi hazijalala hata siku moja.” Kisha akageuka. “Ni nani amekuwa akizishughulikia?”

Triza alikuwa amesimama karibu na mlango na rundo la funguo. Akanyoosha mkono tu, kama alivyounyoosha uwanjani miaka miwili nyuma.

Simu zilianza kulia kwetu wiki ile ile. Tarehe 1 Agosti 2022 kiwanda kilifunguliwa tena kikiwa na watu arobaini na watano. Hatukurudi sote. Wengine walikuwa wamekwenda mashambani, wawili walikuwa wamepata kazi Ghuba, na Sylvance alikuwa amefariki mwezi wa Mei, kwa ugonjwa wa mapafu, bila Triza kujua. Tulipompa habari hiyo alikwenda akasimama kando ya mashine ya thelathini na moja kwa muda. Alikuwa ameendelea kumwombea mtu ambaye alikuwa tayari kaburini, majuma kumi na zaidi. Najua hilo lilimuuma, na najua kwamba hadi leo hana maelezo yake.

Asubuhi hiyo ya kwanza nilimkuta mstari wa pili. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani. Nilipofungua mdomo nikaweza kusema tu, “Triza, sikuja.”

“Hukuja,” akasema. “Nilikungoja sana, Nabiswa.” Hakunirahisishia, na nashukuru hakunirahisishia. Kisha akavuta turubai, akalikunja. “Nimekubadilishia sindano. Kaa.”

Mkurugenzi alimteua msimamizi mkuu wa mashine kabla ya mwisho wa mwezi huo, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Barua yake ya uteuzi alikuja kunionyesha, akaisoma mara mbili, akaomba bahasha ngumu ili isikunjike. Katika miaka mitatu ya uongozi wake, hatujapoteza hata siku moja kwa sababu ya mashine kuharibika. Ameanzisha mafunzo ya kila Alhamisi, ambapo kila fundi, mkubwa kwa mdogo, hujifunza kuifungua mashine yake mwenyewe. Sasa tuko watu mia moja na ishirini. Anaimba nyimbo za dini kwa sauti isiyopatana na yeyote, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwomba anyamaze.

Uongozi ulimwomba aongeze miaka miwili kwa mkataba. Alishukuru, akakataa. Anakwenda Butere, kwenye kiwanja alichopewa na dada yake, ambako nyumba imefika kwenye linta, juu ya madirisha, na mvua zimeanza. Tulimuuliza ni nani atakayeishi naye huko. Alisema bado hajui.

“Nitaamka Jumatatu na sitakuwa na mahali pa kwenda,” alituambia wiki iliyopita wakati wa chai. “Naogopa kidogo. Mungu hajaniambia nitafanya nini, na sasa hivi simsukumi. Atanikuta pale.”

Bi. Triza, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, asante. Asante kwa kola zisizo na kasoro, kwa vidole vyetu ulivyovifunga, na kwa majina yetu uliyoyataja tulipokuwa hatuko. Kuta za Butere na zipande upesi, paa lisivuje, na mlango wako ubishwe mara nyingi kuliko lango letu lilivyobishwa. Tumekodi basi la kuja kwako Butere Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Waliojiandikisha hadi leo asubuhi ni watu sitini na wanne, na Kawsar amelazimika kutafuta basi la pili. Nenda salama, pumzika, Mungu akae nawe.

Jacklyne Nabiswa
Mstari wa Pili