Mwalimu Mektrida na Sauti ya Jitu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mimi ni Rukaiya Mussa, nazungumza nanyi kutoka hapa Moshi mjini. Leo tunamkumbuka Mwalimu Mektrida Mallya wa Kibosho. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Tumemzika Ijumaa.

Wengi wenu hamkuwahi kumwona. Mlimsikia tu. Ndiye aliyetusomea kitabu cha sauti cha Majitu ya Mfereji wa Juu, sura thelathini na nne, kila Ijumaa sura moja.

Nitawasimulia habari zake kama nilivyozipata kwa familia yake, kwa mwandishi wa kitabu, na kama nilivyoziona mwenyewe. Mimi pia nimo humu ndani. Mtanisikia nikifika hapo.

Mwalimu Mektrida alizaliwa Kibosho, akafundisha shule za msingi miaka thelathini na nne, akastaafu mwaka 2018. Mume wake alikuwa ameshafariki. Alibaki kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, na migomba yake, kahawa kidogo, na mbuzi wawili. Ameacha mtoto mmoja, Yuditha, anayeuza vitenge sokoni hapa Moshi.

Kanisani alikuwa msomaji. Na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Fabian ni fundi wa kompyuta hapa mjini. Ndiye aliyeandika Majitu ya Mfereji wa Juu. Kwa ambaye hakukisoma, ni hadithi ya nchi ya mlimani ambako mifereji yote imekauka, kwa sababu majitu yamekalia chanzo cha maji. Binti mmoja, Ndeshi, anapanda peke yake kwenda kuyadai maji. Kitabu kilipendwa sana. Mwalimu mmoja wa sekondari alitwambia hapa redioni kwamba wanafunzi wake waligombania nakala moja mpaka jalada likabaki mkononi kwa mmoja wao. Wapo waliolalamika. Walisema majina ya majitu ni marefu, hayasomeki.

Fabian alitaka kitabu kisikike. Akatafuta msomaji. Vijana aliowajaribu walijikwaa kwenye majina hayohayo. Mkesha mmoja wa Krismasi akiwa kanisani Kibosho, akamsikia Mwalimu Mektrida akisoma orodha ya vizazi, jina baada ya jina, bila kukwama hata mara moja. Akamfuata baada ya misa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe si Fabian? Yule aliyekuwa anakula chaki?"

Fabian anasema alicheka mpaka akasahau alichomfuatia. Mwalimu alikuwa amemfundisha darasa la tatu.

Akamweleza. Mwalimu akamuuliza, "Hayo majitu yanaongeaje?"

"Sijui, Mwalimu. Wewe utayapa sauti."

Akakichukua kitabu. Baada ya siku nne akampigia simu. Akiwa bado hajasalimiwa, alitoa sauti nzito kutoka chini kabisa ya koo: "Nani amekanyaga mfereji wangu?" Fabian anasema nywele zilimsimama. Sauti ya jitu ikawa imepatikana.

Walirekodi nyumbani kwa Mwalimu, katika chumba kilichokuwa cha kuhifadhia mahindi. Walitundika mablanketi ukutani na kuegemeza godoro mlangoni. Mvua ya masika ikipiga bati, walisimama. Jogoo akiwika, walisimama. Yuditha anakumbuka alivyomkuta mama yake kwenye kiti cha jikoni, kilemba kichwani, kidole kwenye mstari, akimfokea mtu asiyeonekana. "Nilidhani amegombana na jirani," anasema.

Sura ya kwanza ilitoka mtandaoni Ijumaa ya kwanza ya Februari, mwaka 2023. Kufikia Pasaka, watu walikuwa wanasikiliza saluni, kwenye magereji, jikoni. Na maoni yakaanza.

Wasikilizaji wapendwa, mnayakumbuka maoni yale. Mmoja alisema anasoma kama anatoa imla kwa darasa la pili. Mwingine akasema Kiswahili chake kimejaa mlima, turudishieni msomaji wa Dar. Mwingine akamjibu, huo mlima ndio tunaoutaka, majitu hayakuzaliwa Dar. Walikuwa wanagombana kila wiki. Sisi hapa redioni tulifurahi. Tulianzisha dakika kumi kila Jumatatu za kusoma maoni ya wasomaji na wasikilizaji. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyasoma.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na simu ndogo ya vitufe. Maoni aliyapata kwa njia mbili. Fabian akija kurekodi, alimsomea baadhi. Na Jumatatu, alinisikiliza mimi.

Mwezi Juni ikatoka sura ya kumi na nane. Ndiyo sura ambayo Ndeshi anakutana na mfalme wa majitu. Katika sura hiyo sauti ya Mwalimu ilibadilika. Ilikuwa na mkwaruzo. Si kwenye maneno ya jitu peke yake. Hata aliposoma maneno ya Ndeshi, mkwaruzo ulikuwapo.

Watu waligawanyika. Wengi walisifia. "Sasa jitu limekuwa jitu!" "Mama, usibadilishe hiyo sauti!" Wengine walikejeli. Mmoja aliandika, "Huyu bibi amemeza changarawe za mfereji."

Na mmoja, wasikilizaji wapendwa, aliandika hivi. Nayasoma kama yalivyo. "Mimi ni Eliudi, fundi cherehani wa Mkuu, Rombo. Nasikiliza nikiwa kazini. Huyu mama haigizi. Baba yangu alianza hivihivi, sauti ikakwaruza, tukasema mafua. Tafadhali mwambieni aende hospitali."

Jumatatu ile nilikuwa na maoni hayo mawili mkononi, ya changarawe na ya Eliudi. Muda ulikuwa umebaki wa moja. Nikasoma ya changarawe. Nikacheka hewani. Mwenzangu wa mitambo naye akacheka. Mlitusikia.

Mwalimu Mektrida naye alitusikia, jikoni kwake, akimenya ndizi. Jioni ile alituma ujumbe hapa redioni. Ninao bado. "Asante mwanangu kwa kunikumbuka. Nitajitahidi sauti iwe safi."

Fabian naye aliyaona maneno ya Eliudi. Aliyaweka alama ya kupenda, akapita. Nilimuuliza kwa nini hakumsomea Mwalimu. Akaniambia, "Sikutaka kumtisha. Tulikuwa katikati ya kitabu."

Mwalimu aliona ni jitu ndilo linalomkwaruza koo. Alichemsha tangawizi. Alilamba asali. Alifanya mazoezi asubuhi, akisoma kwa sauti kwenye migomba, ili mkwaruzo utoke. Haukutoka. Mwezi Julai alimwomba Fabian wapumzike wiki mbili.

Fabian ameniruhusu niseme alichomjibu. "Nilimwambia, Mwalimu, tukisimama tutawapoteza watu. Akaniangalia. Akasema, haya, washa mashine."

Yuditha alikuwa akimpigia kila Jumapili. "Mama, mafua hayo hayaishi?" Na mama anajibu, "Si mafua. Ni kazi." Yuditha anasema alijibiwa hivyo Jumapili zaidi ya kumi.

Sura ya thelathini na nne ilitoka mwishoni mwa Septemba. Ndeshi alipata maji. Watu walipiga simu hapa wakilia kwa furaha. Mwalimu alikuwa ameanza kushindwa kumeza chakula. Mtori, ile supu laini ya ndizi, ulipita. Ndizi nzima haikupita.

Novemba, Yuditha alipanda Kibosho bila taarifa, akamkuta mama yake ameegemea mlango, anatema damu kwenye kopo. Akamshusha hospitali siku ileile.

Ilikuwa saratani ya koo. Daktari alimuuliza tatizo lilianza lini. Mwalimu akasema, Oktoba. Yuditha akasema, hapana mama, tangu Juni. Daktari akaandika. Kisha akawaeleza kwamba kama wangefika mapema, huenda mionzi peke yake ingetosha na sauti ingebaki. Sasa lazima waondoe sanduku la sauti lote. Atapumua kupitia tundu shingoni. Hatazungumza tena.

Alifanyiwa upasuaji Januari. Kabla ya kuingizwa, Yuditha alimuuliza anataka kusema nini. Mwalimu aliyataja majina ya majitu yote kumi na mawili, kwa mkwaruzo ule, kama mtoto anayejipima kabla ya mtihani. Baada ya hapo hakusema neno tena katika maisha yake.

Baada ya upasuaji aliandika. Yuditha alimnunulia madaftari ya mistari. Mwandiko wake ulikuwa uleule wa ubaoni, umenyooka, kila herufi imekaa mahali pake.

Akiwa bado wodini, Yuditha alikaa pembeni ya kitanda akaanza kusoma maoni ya zamani kwenye simu yake, ili amchangamshe mama. Alitafuta yale mazuri. Katika kutafuta akakutana na maneno ya Eliudi wa Mkuu. Anasema alitaka kuifunga simu, lakini mama yake alikuwa ameshamwona uso. Akanyoosha mkono. Akasoma. Akasoma tena. Akaangalia tarehe iliyoandikwa juu yake.

Kisha akachukua daftari. Akaandika neno moja. "Juni."

Akageukia ukuta.

Fabian alikwenda kumwona mwezi Machi, Mwalimu akiwa amerudi nyumbani Kibosho. Alipiga magoti sebuleni. Alimwambia kila kitu. Kwamba aliyaona maneno yale, kwamba aliyapita. Aliomba msamaha mara tatu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Akafungua daftari, akaandika, akamgeuzia. Ilikuwa imeandikwa, "Umekunywa chai?"

Fabian alikunywa chai. Alirudi mara nyingi baada ya hapo. Ombi lake la msamaha halikujibiwa kamwe. Alinishika mkono siku ya mazishi akaniambia, "Dada Rukaiya, mpaka leo sijui."

Mimi nilikwenda mara moja tu. Mwaka jana, Agosti. Nilichelewa kwenda kwa sababu niliogopa, sina sababu nyingine. Nilimkuta amekaa nje, kitambaa cheupe kimefunika shingo. Nikamwamkia. Aliinua mkono kuitikia. Nikamweleza juu ya maoni mawili, na lipi nililisoma, na lipi nililiacha. Nililia. Yeye hakulia. Aliandika, "Lilikuwa linachekesha." Kisha akaendelea kuandika kwa muda, nikadhani sasa ananifariji. Alikuwa ameandika, "Ningekwenda. Ungelisoma, ningekwenda. Mimi nilikuwa nakusikiliza kila Jumatatu."

 

Kitabu cha pili kilitoka. Fabian alimpa binti mmoja wa mjini akisome. Wasikilizaji wapendwa, mnajua mlichoandika. "Huyu hafai." "Turudishieni bibi yetu wa mlima." Walewale waliotaka msomaji wa Dar. Wengi hawakujua kilichompata. Yuditha alimwonyesha mama yake. Mwalimu akaandika, "Waambie wamwache mtoto wa watu asome." Yuditha aliyapeleka maneno hayo mtandaoni. Watu kadhaa walisema ni uongo, hayo hayatoki kwa Mwalimu Mektrida.

Mwezi Mei mwaka huu saratani ilirudi, safari hii kwenye mapafu. Madaktari walisema arudi nyumbani. Miezi yake ya mwisho hakuandika sana. Ukurasa wa mwisho wa daftari lake una maneno ya kawaida. Maji. Geuza mto. Mbuzi wamekula? Yuditha alitafuta kama kuna neno lolote lililoachwa kwa ajili yake. Alipekua madaftari yote saba. Hakuna.

Alifariki Jumanne, asubuhi.

Ijumaa kanisa lilijaa. Aliyesoma somo alikuwa kijana wa kwaya, alijikwaa mara mbili, na watu waliangalia chini. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama mwanamume mwenye koti la kahawia ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa Eliudi, fundi cherehani, ametoka Mkuu alfajiri. Nilimfuata, akajitambulisha, nikamshukuru kwa maneno aliyoandika. Akaniambia, "Nilisubiri mtu anijibu. Nikasema labda nimekosea. Sikuandika tena." Aliondoka kabla ya chakula.

Kwa niaba ya redio hii, natoa pole kwa Yuditha, kwa ukoo wote wa Mallya, kwa waumini wa Kibosho na kwa wote aliowafundisha kusoma. Pole na kwa Fabian. Mungu ampumzishe Mwalimu Mektrida Mallya, aliyefariki akiwa na miaka sitini na saba.

Kwetu sisi tuliobaki. Kila siku tunasikiliza watu, tunawapa nyota, tunawasifu, tunawacheka. Kama kuna mtu wako ambaye sauti yake imekwaruza wiki tatu sasa, usimalizie kunisikiliza. Mpigie. Na kama ni wewe mwenyewe, nenda leo. Nasema haya nikijua nimechelewa, na kwamba hayamrudishi mtu.

Watu wengi wametupigia wakisema familia ina bahati, imeachiwa sauti ya mama saa kumi na nne nzima. Nilimfikishia Yuditha. Alinijibu hivi: "Sura kumi na saba za kwanza namsikia mama. Kuanzia ya kumi na nane namsikia akifa, na watu wanampigia makofi. Siwezi kufungua hata ya kwanza, kwa sababu najua inakwenda wapi."

Tulikuwa tumeandaa kipande cha sauti yake tuwachezee hapa mwishoni. Yuditha ametuomba tusikicheze. Hatutakicheza.