Lori la Mzee Limeegeshwa Sebuleni

Bosi: Haloo? Dada? Ni mimi.

Dada: Mimi nani? Wenye jina hilo ni wengi.

Bosi: Mdogo wako, dada. Shikamoo.

Dada: Marahaba. Sauti hii niliwahi kuisikia mahali, nikadhani ni tangazo la redio. Kumbe Bosi mwenyewe.

Bosi: Hilo jina bado hamjalichoka?

Dada: Tulichoke vipi? Tangu mdogo ulikuwa unakaa kwenye kiti unatuonyesha pa kufagia. [mkwaruzo] Sogea dirishani, unakwaruza.

Bosi: Nasema kazi zimenibana. Baba hajambo?

Dada: Hajambo. Yupo sebuleni, anaendesha.

Bosi: Anaendesha? Na ule mguu?

Dada: Sema kwanza ulichopigia.

Bosi: Ile laptopu yake mbovu. Nimempatia nyingine hapa, ndogo, nyepesi, inamtosha kusoma magazeti na—

Dada: Umechelewa. Ameshanunua kompyuta.

Bosi: Lakini nilisema nitamchagulia mimi. Kompyuta ndiyo kazi yangu.

Dada: Ulisema, kweli. Laptopu imekata roho huku wewe bado unasema.

Bosi: Kanunua ya aina gani?

Dada: Ya gemu. Lile sanduku kubwa linalokaa chini ya meza.

Bosi: Ya nini?

Dada: Ya gemu, Bosi. Nikutamkie polepole?

Bosi: Dada, mtu mzima yule. Wamemuona mzee, wakamtwisha mzigo wa vijana. Na wewe ulikuwa wapi?

Dada: Nilikuwa naye bega kwa bega. Sasa tulia nikusimulie, salio linaloliwa ni lako. Ile laptopu uliyomwachia, unajua alikuwa anaifanyia nini?

Bosi: Magazeti. Na kuongea na mimi.

Dada: [anacheka] Na kuongea na wewe. Haya. Baba alikuwa anaendesha lori humo. Ipo gemu ya malori: unapakia mzigo, unakamata barabara, mvua inanyesha, unapita mizani, unashusha. Mjukuu wa jirani ndiye aliyemwekea. Tangu mguu wa kulia ulipogoma na kampuni ikachukua funguo za lori lake, wewe hukumwona alivyokuwa. Ndevu hanyoi, chakula anakisukuma. Ukimsalimia anaitikia kama mtu aliye chumba cha pili.

Bosi: Hukuniambia.

Dada: Nilikuambia. Ukanijibu kwa kidole gumba. Kile cha kwenye simu. [mkwaruzo] Upo?

Bosi: Nipo.

Dada: Basi kwa lile lori akafufuka. Anaamka, ananyoa, anavaa shati la kola, ndipo anawasha. Ila laptopu ilikuwa inapata homa. Ikipanda mlima kidogo tu feni inalia kama mashine ya kusaga, picha inaganda. Akaiwekea sahani mbili za bati chini ipate upepo. Siku moja ikazimika katikati ya daraja, haikuwaka tena. Alikaa mbele ya ile skrini nyeusi mpaka chai ikapoa. Ndipo nikamwambia avae viatu, twende dukani.

Bosi: Mngenipigia tu. Ningewaelekeza, prosesa fulani, RAM kiasi fulani—

Dada: Tulipiga, Bosi. Iliita mpaka ikakata.

Bosi: Endelea.

Dada: Muuzaji ni mama mmoja mnene, mcheshi. Anazo zilizoungwa tayari zimepangwa ukutani, ukipenda moja anakubadilishia hiki na kile kabla hujaibeba. Akatuanzia na inayowaka taa za rangi zote. Baba akamwambia yeye hakuja disko, azime. Akaomba aonjeshwe. Yule mama akacheka, akamvutia kiti. Baba akaingia barabarani, akapanda mlima kwenye mvua, akasimama, akasema hapana. Muuzaji anamuuliza kasoro nini, mbona picha safi. Baba akamwambia, "Kioo cha pembeni kinachelewa. Kikichelewa mimi nimeshaua mtu."

Bosi: Hiyo ni kadi ya picha. Ilikuwa dhaifu.

Dada: Ndivyo alivyosema muuzaji, naye hakuwa Bosi. Akabadilisha kadi, akaongeza kumbukumbu, akatoa feni za mapambo akaweka moja kubwa isiyopiga kelele. Halafu akamwona baba anavyokaza mguu chini ya meza. Hakuuliza kitu. Akaingia stoo, akarudi na usukani ambao mafuta na breki vyote unavivuta kwa vidole.

Bosi: Upo wa hivyo?

Dada: Upo. Wewe mwenye kazi yako hukujua? Basi baba akaingiza tela kinyumenyume kwenye uchochoro wa ghala. Wateja wakaacha walichokuwa wanabishania, wakaja kusimama nyuma yake. Hakugusa ukuta. Nikatoka nje, nikajifanya napokea simu.

Bosi: Simu ya nani?

Dada: Ya mtu yeyote. Nilikuwa nalia, mjinga wewe.

Bosi: Sawa. Sawa, dada. Amechagua vizuri. Na kamera waliweka? Ile laptopu ilikuwa nayo yake, lakini kwa hayo masanduku unaifunga juu ya skrini. Tuwe tunaonana.

Dada: Ilikuwemo kwenye bei. Baba akasema waitoe, badala yake wamwongezee nafasi ya kuhifadhia ramani.

Bosi: Waitoe kwa nini?

Dada: Unaniuliza mimi?

Bosi: [kimya]

Dada: Jumapili zote ulizomwahidi kupiga alikuwa anavaa lile koti lake, Bosi. Anakaa, anapangusa skrini kwa kiganja. Mimi napita na ufagio sisemi kitu.

Bosi: Dada... hiyo gemu, watu wawili wanaweza kuicheza? Mmoja huko, mmoja huku? Muulize.

Dada: Ngoja nisogee. [kwa mbali] Baba, Bosi anauliza kama ana nafasi kwenye lori.

Bosi: Anasemaje?

Dada: Hajageuka, yupo kwenye kona. Anasema dereva yupo. Kinachokosekana ni utingo.

Bosi: Mwambie nakubali. Nawasha ya kwangu sasa hivi, nipe tu jina la—

Dada: Hajamaliza. Anasema utingo anakaa kiti cha pembeni. Anashika chupa ya chai, anamkanda dereva mguu ukikakamaa. Kazi hiyo haifanyiki kwa simu.

Bosi: Mwezi huu nimebanwa, dada, unajua mambo ya ofisi, labda mwezi—

Dada: Usinieleze mimi. Nilishaweka spika, anakusikia.

Bosi: Umeweka... Baba? Shikamoo, baba.

Dada: Ameegesha. Amezima na injini. Ongea.

Bosi: Baba, mimi nita—

[Salio limekwisha.]