Mizani Haikuwa Mbovu

Ndugu waombolezaji, majirani, wanangumi wa zamani na wa sasa, na nyinyi mliokuja kwa sababu mmesikia leo kuna maneno, poleni na karibuni, mimi ni dada wa marehemu, kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, mimi nikatangulia yeye akafuata, na historia hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikwama kwenye neno nisubirini, msinisaidie kwa sauti.

Kabla sijaanza nawaeleza kwa nini sitasoma harakaharaka. Jiwe la kaburi limetolewa na klabu ya ngumi, tunashukuru, jina limeshachongwa, tarehe zimeshachongwa, mstari wa mwisho umeachwa mtupu, mwenyekiti wa klabu anataka paandikwe "Bondia mkubwa wa nyakati zote, hakushindwa kamwe", na tangu juzi watu waliokaa chini ya turubai hili wamegawanyika, huku wanasema anastahili, kule wanasema mtu aliyemkimbia bondia mwenzake Shoto hawezi kuitwa mkubwa wa nyakati zote, chai imechemshwa upya mara sita na jibu halijapatikana, fundi wa mawe ameweka patasi mfukoni anasubiri kauli ya familia, na familia imesema kauli nitaitoa mimi, mwisho wa karatasi hii.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, akatoka amekunja ngumi, najua watoto wote hutoka hivyo, lakini mkunga wetu alikuwa mtu wa maneno, akatangaza mtaa mzima kwamba amemzalisha mtoto wa kupiga watu, na mama akaamini. Ukweli ni kwamba alikuwa mtoto mwoga kupita kiasi, jirani alikuwa na bata dume mmoja mkorofi, marehemu akimwona anarudi ndani mbio, alianza darasa la kwanza Januari 1959, akamaliza la saba Desemba 1965, na miaka miwili ya mwanzo mimi ndiye niliyemtangulia njiani na fimbo, yeye nyuma ameshika gauni langu, nikimwambia, "Wewe, huyo ni kitoweo tu," naye anajibu, "Kitoweo chenyewe kinanijua." Darasani alikuwa mzuri wa hesabu, na alipomaliza shule bata yule alikuwa hai bado.

Mei 1969 aliajiriwa katika ghala la nafaka, kwanza kama mpakiaji, na kuanzia Agosti 1972 kama mpima mizani, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, na katika miaka hiyo yote hakuna mkulima wala mnunuzi aliyewahi kulalamika kwamba gunia lake limeibiwa hata nusu kilo. Mizani ile ya jukwaa aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa chake mwenyewe, akiangalia mshale umesimama kwenye sifuri ndipo anafungua mlango, na mkono wake ulizoea uzito kiasi kwamba wazazi wa mtaa huu walikuwa wakimletea vichanga, anampokea mtoto, anampandisha na kumshusha kidogo, anasema, "Kilo tatu na robo, na amekojoa," wakienda kliniki wanakuta ni kweli, yote mawili. Neno lake kuhusu mizani lilikuwa la mwisho, naomba mlishike hilo, tutalirudia.

Katika ngumi, alianza mwaka 1970 kwenye ukumbi wa klabu, uliokuwa zamani karakana ya viti, sakafu bado ilikuwa na misumari, kocha wake alikuwa fundi seremala, na ndiye aliyemwita Bawaba, kwa sababu alisema kijana huyu miguu imesimama kama fremu, kiuno ndicho kinachofungua na kufunga, na konde likitoka hapo halitokani na mkono, linatokana na mlango mzima. Pambano lake la kwanza lilikuwa Jumamosi tarehe 5 Juni 1971, alitapika kabla ya kupanda ulingoni, akashinda raundi ya pili, na ukihesabu kuanzia hilo alitapika mara thelathini na moja, akashinda mara thelathini na moja, kumi na tisa kati ya hizo mpinzani hakufika raundi ya mwisho.

Sasa wale wa kule, mnaosema alipigana na watu dhaifu, nawapa haki yenu, nilikuwepo mapambano yote, kati ya hao thelathini na mmoja, saba walikuwa wa kujazia ratiba, mmoja nina hakika alikuja kuangalia tu akavishwa glovu, mwingine alianguka upepo ulipompitia. Lakini wanaobaki ni ishirini na wanne, wamo mabingwa watatu, yumo yule dereva wa lori aliyekuwa na shingo kama kinu, na katika pambano la ishirini na mbili marehemu alivunjika kidole raundi ya kwanza, akapigana raundi saba kwa mkono mmoja bila mtu kujua, Jumatatu yuko ghalani anaandika vipimo kwa mkono wa pili, mwandiko kama wa kuku. Na jambo ambalo kocha alilisifu kuliko ushindi, hakumpiga mtu aliyekuwa anaanguka, hata mara moja, konde likishatoka analivuta nyuma, mtaniambia ni bondia gani mwingine mliyemwona akifanya hivyo, mimi sijamwona.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na wifi yangu huyu mnayemwona, fundi cherehani, na kwa kuwa wifi ni mpole hatawaambia walivyopatana, nitawaambia mimi, alipeleka bukta ya ngumi ipunguzwe kiuno, wiki iliyofuata akairudisha ipunguzwe tena, halafu tena, mara ya nne wifi akamuuliza, "Kaka, hii bukta nikiikata tena itakuwa leso, unataka nini hasa?" naye bingwa wa mapambano kumi na mawili akalipa akaondoka, akanituma mimi. Walijaliwa watoto watatu, binti mwaka 1977, kijana mwaka 1980 na binti wa mwisho mwaka 1984, na wajukuu saba, wote aliwapima kwa mkono siku ya kuzaliwa.

Nimefika sasa kwenye Jumamosi tarehe 9 Novemba 1985. Siku hiyo marehemu alipangiwa kupigana na Shoto, bondia wa mkono wa kushoto ambaye naye hakuwa amepigwa, uzito usizidi kilo sitini, kupima ni saa nne asubuhi, pambano ni jioni, tiketi zimekwisha. Saa nne marehemu alipanda kwenye mizani ya klabu, mshale ukaenda sitini na moja na robo tatu, akapewa saa moja ya kupunguza, hata koti la kutolea jasho hakulivaa, akashuka akasema maneno matatu, "Mizani hii mbovu," na kwa kuwa aliyesema ni mpima mizani wa ghala, mtu asiyeiba nusu kilo, nani angebisha, pambano likafutwa, mizani ikalaumiwa, baadaye ikauzwa chuma chakavu, likapangwa pambano lingine likaahirishwa, Februari 1986 marehemu akatangaza amestaafu, hajashindwa. Shoto alikuwa amepanda mizani ileile dakika tano kabla yake, ikamsoma sawasawa na alivyojipima kwao, akapiga kelele siku ile ile, "Huyu amekunywa maji!" watu wakamcheka, wakasema ana wivu, hakupata tena pambano la maana, akafungua kibanda cha kinyozi, na kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kwa miaka karibu thelathini na nane kimesikia habari ya maji, kikatoka hapo kikicheka.

Ndugu waombolezaji, alikunywa maji. Asubuhi ile nyumba yangu ndiyo iliyokuwa karibu na ukumbi, alipita kuchukua bukta aliyoiacha kwangu, nikaingia jikoni nikamkuta amesimama na jagi langu la lita mbili, analimalizia, nikamwambia, "Wewe! Si unapimwa saa nne?" akafuta mdomo, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia bata anapotokea, akasema, "Dada, hujaniona." Nyinyi mnanijua, habari ikiingia kwangu asubuhi, kabla ya chakula cha mchana imeshafika kwenu, imeongezwa chumvi, mimi ndiye niliyewaambia habari za mwenye duka na za yule mpangaji wa chumba cha kona, sikatai, lakini hii niliimeza, umbea pekee niliowahi kuumeza maishani, na umenikaa kifuani kuliko jagi lile lilivyomkaa yeye.

Afya ya marehemu ilianza kuzorota mwaka 2021, tarehe 11 Oktoba mwaka huo madaktari walituambia figo zimechoka, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na akaruhusiwa maji nusu lita tu kwa siku, hakukubali mtu ampimie, alijipimia mwenyewe kwa kikombe cha bati, akikiinua kwenye mwanga kuhakikisha hajazidisha. Jumapili tarehe 23 Julai mwaka huu 2023 akiwa wodini alinituma nifunge mlango, akanionyesha kikombe, akasema, "Dada, yale niliyokunywa jikoni kwako ndiyo ninayonyimwa sasa," tukacheka mpaka nesi akaja kuchungulia, halafu marehemu hakucheka tena. Akaniambia alimwangalia Shoto akipigana mara tatu, kila mara hakuona ule mkono wa kushoto unatokea wapi, akawa akifumba macho anajiona chini, akasema, "Wengine wote niliwaogopa nikatapika nikapanda. Huyu nilimwogopa nikakunywa." Nikamwambia, huyo alikuwa bata wako, akasema ndiyo, na safari hiyo wewe hukutangulia na fimbo. Kilichomuuma hakikuwa woga, kilichomuuma ni mizani, kwamba alikisingizia kitu kizima kisichokuwa na mdomo, na akamfanya mtu mwenye mdomo aonekane mwongo, kwa miaka yote hiyo aliuzunguka mtaa wa kinyozi kwa njia ya mbali ya robo saa, na akaniagiza, siku mtakayonisomea historia, wasomee na hilo, usipowasomea usinililie. Alifariki Alhamisi tarehe 3 Agosti 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Juzi Jumamosi, kabla sijaandika karatasi hii, nilikwenda kwa Shoto, nikamkuta ana mteja aliyenyolewa nusu kichwa, nikamwambia pale pale, marehemu alikunywa maji, nilimwona kwa macho yangu. Mashine ikazimwa. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena kwa sauti, huyu mteja asikie, juzi tu alinicheka." Nikarudia, mteja akaomba radhi na nusu kichwa chake, naye Shoto akakaa kwenye kiti cha wateja, akajiangalia kwenye kioo muda mrefu, akaniuliza, "Dada, siku ile ningempiga?" Nikamjibu, sijui, lakini yeye alikuwa na hakika kwamba ungempiga. Nikamwomba radhi kwa niaba ya marehemu na kwa niaba ya mdomo wangu, ambao kwa mara ya kwanza ulifungwa mahali ambapo haukupaswa kufungwa, kisha nikamuuliza kuhusu jiwe, maana nilisema mwenye haki ya kukataa ni yeye, akasema, "Mwandikeni mkubwa. Mtu aliyeniogopa mimi mkimfanya mdogo, mtanishusha na mimi." Amekaa pale, safu ya tatu, shati jeupe, naomba mmwangalie vizuri, kisha wale mliomcheka, mnajijua, mkampe mkono kabla hamjanywa chai ya saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa nesi aliyejifanya hasikii tulipofunga mlango, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ghala, waliokuja na lori zima, klabu ya ngumi kwa jiwe, majirani kwa viti na sufuria, na wifi yangu, ambaye nilipomweleza habari hii jana alisema alijua tangu usiku wa harusi kwamba mumewe ni mwoga, na kwamba mwoga anayepanda ulingoni mara thelathini na moja ndiye aliyemtaka.

Kauli ya familia ni hii. Mwenyekiti, mkubwa wa nyakati zote siwezi kusema, nyakati zote sikuwepo. Katika wakati niliokuwepo sikuona mkubwa kuliko yeye, na ninamhesabia thelathini na moja alizopanda huku anatetemeka, simhesabii ile moja, na hiyo moja haifuti zile nyingine, ila haifichwi nyuma ya hizo. Fundi, toa patasi, andika hivi: "Alishinda mapambano yote thelathini na moja. Mizani haikuwa mbovu." Na mtu yeyote atakayepita makaburini akauliza mizani gani, mwelezeni yote, msibakize, mimi mwenyewe natoa ruhusa.

Bawaba, mdogo wangu, nimewasomea, sasa ninakulilia, umetoa maji yote na mshale umesimama pale pale kwenye sitini, njia ni nyeupe, hakuna bata, nenda ukapumzike kwa amani.