Maji Ndani ya Maski

Amahoro, ndugu zangu. Wale wa nyuma karibu na mlango sijawasikia, amahoro tena. Haya. Mchungaji amenipa dakika kumi, na wanakwaya wenzangu wamecheka, kwa sababu wanajua dakika kumi kwangu ni za kusafisha koo tu. Nitajitahidi.

Wengi mnanijua kama mama wa ndagala, dagaa zetu za ziwani. Nimeanika ndagala pale Minago tangu turudi kutoka Tanzania nikiwa msichana, na wengine mmekula za kwangu leo asubuhi. Ni wachache wanaojua kwamba mimi pia ni mzamiaji. Ndiyo, mzamiaji wa chupa ya hewa mgongoni, kwa umri huu na magoti haya. Leo nataka kuwaambia jinsi nilivyoshindwa na kitu kidogo sana, maji ya kujaa kiganja, na nani alinitoa hapo.

Lazima nianzie nyuma kidogo. Mume wangu alikwenda ziwani mzima, upepo ukageuza mtumbwi, wenzake wawili wakaogelea, yeye hakuonekana. Siku kumi na moja nilikwenda ufukweni kila asubuhi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikiangalia maji. Watu waliniletea ugali, nikaurudisha. Siku iliyofuata wavuvi wakamkuta upande wa Muhuta. Wakamleta amefungwa ndani ya turubai, na wanaume wakanizuia nisifungue. Walifanya vile kwa huruma, sina kinyongo nao. Lakini nawaambia ukweli, ndugu zangu, mimi nilizika turubai. Uso wa mwisho ninaoukumbuka ni wa mtu aliyekuwa anatafuta kandambili zake mlangoni.

Kwa hiyo kamati ya wavuvi iliposema inatafuta watu wanne wa kufundishwa kuzamia, ili mtu akizama atafutwe siku ileile, nilinyoosha mkono kabla msemaji hajamaliza. Mzee mmoja akaniuliza kwa adabu kama nimeelewa vizuri, kwamba hii si kazi ya kuwapikia wazamiaji chai. Nikamwambia nimeelewa, na hiyo chai atapika yeye. Wakaniandika.

Mwalimu wetu alikuwa Mkongomani wa upande wa Fizi, mtu mwembamba, mpole. Miaka mingi alikuwa anazamia kukamata samaki wa rangi, wale wadogo wanaouzwa nchi za nje wakakae ndani ya masanduku ya vioo. Alitugawia vifaa: chupa ya hewa, kile kitu cha kung'ata mdomoni ili upumue, na maski, ile miwani kubwa inayofunika macho na pua pamoja. Kupumua kwa mdomo chini ya maji niliweza siku ya kwanza. Nikajisifu mpaka nyumbani.

Siku ya pili akatufundisha kutoa maji kwenye maski. Maana huko chini maski inaweza kusogea, maji yakaingia, na huwezi kila mara kukimbilia juu. Unapiga magoti mahali ambapo ukisimama maji yanakufika kifuani tu. Unaachia maji kidogo yaingie. Unabonyeza ukingo wa juu wa maski kwenye paji la uso, unainua kichwa kidogo, unatoa pumzi kwa pua, na ile pumzi inayasukuma maji nje kwa chini. Basi. Wenzangu watatu, wanaume, walimaliza kabla ya saa sita.

Mimi maji yaliponigusa pua tu, mkono uliruka wenyewe, vidole viwili vikaminya pua juu ya mpira wa maski. Akina mama mnacheka, kwa sababu mnajua. Sisi sote tunaoga ziwani hivyo: unaziba pua, unachovya kichwa, unatoka. Mkono umefanya kazi hiyo miaka yote, leo utauambia nini? Sasa pua imezibwa, pumzi itapita wapi? Maji yakabaki palepale, nikayavuta, nikaibuka nakohoa kama mbuzi aliyekabwa na kamba.

Siku ya tatu, vilevile. Siku ya nne Mwalimu aliushika ule mkono, ukatulia. Hapo nikagundua kwamba shida haikuwa mkono. Hata bila vidole, koo langu lilikuwa linajifunga. Maji yakinigusa macho nafumba, na nikifumba naliona turubai. Hilo sikumwambia mtu. Nilisema maski ni mbovu. Wakanibadilishia. Nikasema na hii nayo ni mbovu. Wenzangu wakaanza kunitania kwamba mama atafaa sana kushika kamba, akae kwenye mtumbwi na mwavuli wake.

Nataka mumwelewe huyu Mwalimu. Kila siku wengine wakishaondoka, alibaki na mimi majini mpaka ngozi ya vidole vyake ikakunjamana. Hakupandisha sauti hata mara moja. Siku moja alivua maski yake kabisa chini ya maji, macho wazi, akanitazama hivihivi kama mtu aliyekaa sebuleni, kisha akaivaa tena na kuyatoa maji yote kwa pumzi moja. Nilimstaajabia mpaka nikasahau kuogopa. Dakika moja hivi, halafu nikakumbuka.

Jumamosi ilikuwa siku ya kupeleka majina kwa kamati, na asiyeweza maski hapewi chupa ya kazi. Ijumaa mchana nilikuwa bado. Nikatoka majini, nikakaa kwenye jiwe, nikamwambia anifute. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshakata tamaa, nikamwambia na lile la turubai. Hakunipa pole ya harakaharaka. Alinyamaza, akainama akaendelea kuosha maski zake. Ninamheshimu kwa kule kunyamaza kuliko kwa mengine yote.

Nikaanza kukamua kitenge changu. Na nyinyi mnaijua kwaya yetu: hatuanzi wimbo kwa maneno. Tunafunga midomo kwanza, tunaupitisha ubeti mzima kwa mvumo tu, kila mtu apate sauti yake, ndipo tunafungua midomo. Mikono yangu ikiwa na kazi, kinywa kinafanya hivyo chenyewe. Basi nikawa nakamua kitenge huku nikivumisha wimbo wa Jumapili. Mwalimu akageuka.

"Mama, rudilia ile."

"Ile ipi?"

"Ile ya kuimba bila kufungula mudomo."

Nikarudia. Akaniambia niweke kiganja changu mwenyewe chini ya pua, niendelee. Nikaweka. Pumzi ya moto ikanipiga kiganjani, ndefu, imenyooka, haikatiki mpaka ubeti ulipoisha.

"Unasikia iyo upepo? Mudomo umefunga, sasa inatokea wapi? Ni mu pua. Iyi kazi uko unaijua tangu zamani, mama. Mimi ndiye nilikuwa nakufundisha vibaya. Turudi mu maji."

Ndugu zangu, mwalimu gani anasema vile? Mimi nina maski mbili nimezisingizia, na yeye anajitwika kosa ambalo si lake.

Tukarudi. Nikapiga magoti. Nikaachia maji yakaingia mpaka kwenye nyusi, nikafumba macho, na turubai likaja kama kawaida. Mkono ukataka kuruka, nikaubana kwenye paji la uso. Halafu nikaanza wimbo, sauti yangu ya pili ileile mnayoisikia hapa. Chini ya maji inavuma kama nyuki ndani ya kopo. Nikasikia maji yanashuka: yakatoka machoni, yakafika mashavuni, yakafika puani, na safari hii sikuyavuta, kwa sababu aliye katikati ya ubeti havuti pumzi ovyo. Yakaisha. Nikafumbua macho. Mwalimu alikuwa mbele yangu, naona mpaka mvi za ndevu zake, anapiga makofi polepole ndani ya maji. Nililia, na machozi nayo yakaingia kwenye maski, ikabidi niimbe tena. Tulirudia mpaka beti zote tano zikaisha. Kesho yake jina langu likaenda.

Ningeweza kukaa hapo, lakini bado kuna kidogo.

Msimu wa mvua uliofuata, mtumbwi uliobeba mihogo ulipinduka upande wa Gatete, na kijana mmoja hakutoka. Tuliitwa. Nilishuka na mmoja wa wale walionipangia mwavuli. Huko chini kulikuwa na ukijani mzito, unaona urefu wa mkono tu. Tulimpata amelala karibu na gunia. Nilipomfungia kamba kifuani, mkono wake ulielea ukanigonga usoni, maski ikasogea, maji yakajaa yote. Nikabonyeza ukingo, nikavumisha. Mwenzangu anasema alidhani ni injini ya mtumbwi inapita juu. Maji yalipoisha nilimwona yule kijana uso mzima, alikuwa kama aliyelala, na nikamaliza fundo langu.

Mama yake alikuwa amekuja na pikipiki, amekaa ufukweni. Hakuwa na ndoo, alikaa chini. Tulimlaza mwanawe mbele yake, na mwanamume mmoja akaja na turubai. Nikamwambia ngoja. Yule mama akaufuta mchanga usoni mwa mwanawe kwa kitenge, kwenye nyusi, kwenye masikio, taratibu, kama anamtayarisha kwenda shule. Kisha akanishika mikono yote miwili.

"Murakoze," akanishukuru. "Nimemuona."

Mimi niliketi siku kumi na moja. Yeye aliketi masaa manne. Maumivu siwezi kuyapima, lakini yeye alimuona.

Sasa nashukuru. Namshukuru Mungu. Naishukuru kamati, pamoja na mzee wa chai, ambaye siku ile alitupikia kweli. Nawashukuru wenzangu watatu. Namshukuru Mwalimu, ambaye amerudi kwao na hatanisikia, kwa hiyo nisikieni nyinyi badala yake. Na ninyi wenye kufundisha, wenye watoto, wenye wagonjwa nyumbani, nawaomba kitu kimoja. Mtu akishindwa mbele yenu, msiishie kumwambia asiogope. Mimi niliambiwa hivyo mara nyingi na haikunisaidia. Kaeni naye, mumsikilize hata akiwa anakamua nguo zake.

Dakika zangu zimeisha zamani, naona Mchungaji anatazama saa. Kwaya, simameni, nipeni sauti. Tufunge midomo kwanza.