Mwalimu Zadock na "Sh" Iliyopotea

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Mwalimu Zadock Ogweno anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi cha Ligongo, hapa Homa Bay, kwa miaka ishirini na saba. Wenzake wanafurahi. Mimi nafurahi na kununa kwa pamoja.

Aliajiriwa kufundisha umeme. Mwaka wa 2014 akaanzisha kozi ya uhandisi wa sauti, na mji mzima ukacheka. Wazazi walimwuliza tangu lini mtoto akapelekwa chuoni kusomea spika. Akawajibu kwamba mahubiri yasiyosikika ni usingizi tu. Tangu hapo darasa lake likawa popote penye watu: harusi Kendu Bay, harambee Migori, matanga karibu kila Jumamosi. Siku ya kuvuka ziwa kwenda kisiwa cha Mfangano, mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ndiyo iliyovikwa koti la mvua. Mwalimu aliloa chapachapa, mixa ikafika kavu.

Lakini utamu wenyewe ni wiki ya wakaguzi. Kozi ilikuwa bado changa, na wakaguzi walikuwa waje Ijumaa. Mitambo isipowaridhisha, kozi ifungwe na wanafunzi warudi makwao. Jumatatu, mwanafunzi wake Frankline alirekodi taarifa ya habari: wavuvi wa Mbita wameshusha samaki. Mwalimu akavaa hedifoni mpya, akasikia kwamba wavuvi wa Mbita wamesusa samaki. Jamani, Mbita! Wakisusa samaki watakula nini?

Akarekodi upya kwa sauti yake mwenyewe. Wakasusa tena. Basi akakata shauri kwamba mixa inameza "sh". Alifungua maikrofoni zote, akabadilisha nyaya, akapuliza vumbi, akasahau kula. Nilimpelekea chai, ikapoa mezani. Aliniambia kwa unyonge kwamba kozi imekwisha.

Alhamisi akaja Sumayya, ambaye babake ana duka la vifaa vya umeme mjini, kutuletea nyaya zaidi. Mwalimu akamwomba aseme lolote tu. Sumayya, aliyekuwa ameshaona hali ya chumba, akainama kwenye maikrofoni.

"Mwalimu, mashine haina shida."

"Sh" zote mbili zikachachatika kwenye spika kama mafuta ya kukaangia omena, dagaa wetu wa ziwani. Mwalimu akamtazama Sumayya, aliyelelewa na Kiswahili, kisha akatutazama sisi tuliolelewa na Dholuo, lugha isiyo na "sh" hata ya dawa, akaketi sakafuni akacheka mpaka akatoa machozi. Kumbe mitambo ilikuwa mizima. Tuliokuwa tukisusa ni sisi! Kesho yake aliwasimulia wakaguzi bila kujificha, akawachezea rekodi zote mbili, ya Frankline na yake. Walicheka, wakapima kila kitu, wakaipitisha kozi.

Leo wanafunzi wake wanaendesha mitambo ya redio na makanisa kutoka hapa hadi Migori, na Frankline ndiye anayerithi darasa. Kila mwanafunzi mgeni bado anaanza kwa kurekodi habari ya wale wavuvi wa Mbita.

Nenda nyumbani, Mwalimu, ukale vizuri na chai uinywe ikiwa moto. Uishi miaka mingi kwa raha na afya. Ijumaa tutapanga foleni kwenye maikrofoni yako, mmoja mmoja, tukuambie shukrani. Wengi wetu tutasema "sukrani". Tafadhali kaa hapo hapo kwenye kiti chako, usifungue kitu. Mashine haina shida.

Lynnet Akeyo, Idara ya Umeme