Mzee Jumatatu Aaga Kaunta ya Malalamiko

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, mzee wetu wa kaunta ya malalamiko atajinyoosha mgongo, atavaa koti lake la kahawia na kwenda nyumbani kwa amri ya serikali. Atakuwa ameitumikia Idara hii ya Afya na Mazingira kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa kuwa nimekaa meza ya pili kutoka kwake tangu nilipoajiriwa, na pia, tusidanganyane, kwa sababu wenzangu wote walipoombwa walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi mno.

Jina lake halisi wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine tunamwita Mzee Jumatatu, na hata mkewe akipiga simu ofisini humwulizia kwa jina hilo hilo.

Alianza kazi akiwa tarishi. Jengo letu wakati huo halikuwa na lifti. Siku hizi tunayo, ila haipandi. Kijana huyo alibeba mafaili ya maombi ya wananchi kutoka chini mpaka ghorofa ya nne, na baada ya muda akagundua kwamba faili analolipandisha mwaka huu ndilo lile lile alilolipandisha mwaka jana, limezidi uzito tu. Jambo hilo lilimkera. Alipopandishwa cheo na kuwekwa kaunta, aliketi na kanuni mbili za kwake mwenyewe, ambazo hakumwomba mtu ruhusa.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba hapokei ombi mpaka mwenye ombi alisome kwa sauti, pale pale mbele ya watu. Ukishamaliza, anakuomba usome tena. Msomaji ambaye hajawahi kusimama kwenye kaunta ile hawezi kujua jinsi kurasa nne za hasira zinavyochosha mdomo zikisomwa mara ya pili. Watu walianza kukata maneno wenyewe. Matusi yalitangulia kwenda, yakifuatiwa na yale mafungu marefu ya unyenyekevu mkubwa na heshima kedekede, na mwisho kilichobaki ni mtaro umeziba, au kiwanda kinatoa moshi, au bomba limepasuka.

Kanuni ya pili ilikuwa swali. Ukishasoma, Mzee anaondoa miwani, anakutazama usoni na kukuuliza Jumatatu asubuhi tufanye nini. Wajibu wa mtu haukuwa kueleza shida tu, bali kusema kitu ambacho ofisa mwenye miguu miwili anaweza kuamka na kukifanya. Jibu lako analiandika chini ya ombi kwa mkono wake, mstari mmoja, na mstari huo ndio unaokwenda kwa katibu muhtasi wa Mkuu wa Idara na kuingizwa kwenye kitabu cha miadi.

Swali hilo limewaumbua wengi. Yuko bwana mmoja aliyeleta ombi zito dhidi ya jogoo wa jirani yake. Alipoulizwa Jumatatu tufanye nini, alijibu kwa ukali kwamba jogoo akamatwe. Mzee akaandika. Kisha akataka kujua, bila hata chembe ya mzaha usoni, kama mlalamikaji atakuwa tayari kumlisha jogoo huyo muda wote atakapokuwa mikononi mwa serikali. Bwana yule alikunja karatasi yake akaondoka, na tukasikia baadaye kwamba amehamisha kitanda.

Siku nyingine walikuja vijana wa maandamano na ngoma na mabango, wamevimba kweli kweli, kuhusu kiwanda cha rangi. Mzee aliwasikiliza wakisoma, akawaomba wasome tena, akauliza swali lake. Nusu wakasema kifungwe, nusu wakasema kiwaajiri. Walitazamana kama watu waliopanda basi moja wakielekea miji tofauti. Tuliwapa benchi la nje wakajadiliane, na walipomaliza walirudi na ombi la bomba refu la moshi, ambalo lipo mpaka leo.

Nyumbani nako si haba. Mkewe, ambaye tunamwita Mama tu, ametusimulia kwamba siku alipolalamika juu ya paa linalovuja, mumewe alimwuliza swali lile lile. Mama alimjibu kwamba Jumatatu yeye atalala kwa dada yake na Mzee atalala na ndoo. Paa lilizibwa Jumapili.

Lakini nisipoandika habari ya mtaro wa machinjio, Mama na mji mzima watanigombeza, kwa hiyo niiandike.

Nyuma ya machinjio kuna mtaa mwembamba, na katikati ya mtaa unapita mtaro wa wazi. Maji ya machinjio, pamoja na vyote mnavyoweza kuvifikiria kabla ya chakula cha mchana, hupita hapo, au tuseme hukaa hapo, maana yalikuwa hayapiti. Wakazi walileta ombi la kuufunika. Likajibiwa kwamba linashughulikiwa. Walilileta mwaka uliofuata, likashughulikiwa tena. Aliyekuwa akilileta ni bibi mmoja anayeuza chai mlangoni kwake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa tatu. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa miaka mitano, na mtoto huyo alikuwa amelazwa mara mbili kwa kuharisha. Mara ya pili daktari alimwambia Bibi awaite ndugu.

Mtoto alipona, jamani, lakini kwa shida. Bibi wa Chai akaja kaunta kwa mara ya tatu, akasoma ombi lake mara mbili bila kuambiwa, na alipoulizwa Jumatatu tufanye nini, akaja juu. Alisema kwa kuwa huyo Mkuu wenu anashughulikia sana, basi Jumatatu aje anywe chai mlangoni kwangu, akae hapo hapo mtaroni aone raha yake. Ofisi nzima ilielewa kwamba mama wa watu anatukejeli. Mzee peke yake aliinamisha kichwa na kuandika: Jumatatu, Mkuu aende kunywa chai kwa Bibi.

Katibu muhtasi, dada mwenye mambo mengi, aliuona mstari huo akaunyoosha kidogo ukae kiofisi. Katika kitabu cha miadi uliingia ukisomeka chai na wadau wa mazingira, saa mbili asubuhi. Mkuu wetu hana dogo kwa wadau. Jumatatu hiyo alivaa suti yake ya rangi ya maziwa, akamchukua na mpiga picha wa jarida hili, gari likaelekea machinjio.

Bibi alipoona gari la serikali limesimama, alidhani wamekuja kumkamata. Alipoambiwa Mkuu amefika kwa ile chai, alipiga moyo konde, akaazima vikombe kwa majirani na kutoa benchi. Sasa benchi, kwenye mtaa ule, halina mahali pa kukaa ila juu ya mtaro, miguu miwili ng'ambo hii na miwili ng'ambo ile. Mkuu aliketi. Watoto wa mtaa mzima wakaja kumpa mkono, na yeye, akijua anapigwa picha, akaishika mikono yote. Kisha akapewa mkate. Mpiga picha alirudi nyuma hatua moja ili awapate wote vizuri, akatumbukia mtaroni, na kiatu chake cha kushoto na kamera havijaonekana tena. Ndiyo maana toleo la mwezi ule lilikuwa na picha za zamani.

Jumatano Mkuu alilazwa. Bibi hataki mtu aseme ni chai yake, na mimi simo, nimeinywa mara nyingi na inachemshwa mpaka sufuria inalia. Nasema ni ile mikono na ule mkate.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Naibu wa Mkuu, mtu safi, mpole, anayependa taratibu kuliko chakula, aliitisha kamati ya nidhamu. Shtaka lilikuwa kwamba karani wa kaunta, kwa uzembe au kwa makusudi, amepotosha ratiba ya Mkuu na kuhatarisha afya yake. Adhabu iliyotajwa ilikuwa kufukuzwa. Mzee alibakiza miezi minane tu astaafu.

Tulimzunguka sote. Mimi nilimsihi mpaka nikatokwa na machozi, nikamwambia aandike mstari mmoja tu kwamba alikosea, kila mtu hukosea, Naibu atalegea na yataisha. Alinisikiliza vizuri kabisa. Kisha akanieleza, taratibu kama anavyowaeleza wenye maombi, kwamba akisema mstari ule ni kosa, basi ombi zima linafutwa pamoja na kosa, na Bibi ataanza upya mwaka kesho, na hana hakika kama yule mtoto ana nafasi ya kungoja mwaka kesho. Nilimkasirikia sana siku ile. Nilimwona ni mtu mwenye kichwa kigumu anayemtesa mkewe bure, nami nilimwambia hivyo hivyo.

Siku ya kamati Mkuu alikuja mwenyewe, ametoka hospitali, mkanda umevutwa mpaka tundu la mwisho. Naibu alisoma shtaka. Mzee akaulizwa kama ana la kujitetea, akasema hana, ila anaomba ombi lenyewe lisomwe kwa sauti, kama yanavyosomwa yote. Naibu hakuona ubaya, tena ana sauti nzuri, huimba kwaya. Akaanza.

Alisoma habari za harufu, za nzi, za mabati ya machinjio. Mkuu alikuwa akitazama dirishani. Naibu akafika kwenye ukurasa ambao Bibi ameeleza ugonjwa wa mjukuu wake, jinsi tumbo linavyoanza kukata alfajiri, halafu miguu inaisha nguvu, halafu maji hayakai tumboni hata kijiko. Mkuu akaacha dirisha. Akaanza kuitikia kwa kichwa kila dalili, kama mtu anayesikia habari zake zikitangazwa redioni. Naibu aliposoma kwamba mtoto alikuwa akiomba asiachwe peke yake usiku, Mkuu alisema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, usiku ndio mbaya zaidi. Na huyu alikuwa mtu mzima, na alikuwa na kitanda chake peke yake.

Naibu alipomaliza, Mkuu alimwomba asome tena. Baada ya hapo aliomba kalamu, akatia saini yake chini ya saini za wakazi, kwenye nafasi ya waombaji. Sasa ombi hilo liliandikwa kwenda kwa Mkuu, kwa hiyo Naibu, kwa kufuata taratibu, ilimbidi alichukue kutoka mkono wa kulia wa Mkuu na kumkabidhi rasmi katika mkono wa kushoto. Mkuu akajikubalia. Shtaka halikuzungumzwa tena, nadhani lilisahaulika mezani chini ya glasi za maji.

Mtaro ulifunikwa. Machinjio yalilazimishwa kuchimba shimo lao na kuweka bomba. Aliyesimamia kazi ni Naibu mwenyewe, ambaye alinunua mabuti na, kwa taarifa za mafundi, alipima kila mfuniko kwa futi kamba mara mbili. Kwa haki ni lazima niseme kazi yake ni nzuri, na mvua kubwa ya mwezi uliopita imepita pale bila kuingia nyumba hata moja.

Mzee Jumatatu ana kasoro zake, msije mkadhani tunamuaga malaika. Mikutanoni hulala, tena kwa sauti. Hajawahi kukiri kwamba kompyuta iliyo mezani kwake ni yake. Karanga zake huzimenya kwenye trei ya barua zinazotoka, na kuna wizara moja imetuandikia kuulizia maganda. Tutayakumbuka hayo yote, hata maganda.

Wiki iliyopita Bibi wa Chai alikuja tena. Tulipomwona kwenye foleni, roho zilitushuka, tukajua mtaro umepasuka. Alipofika kaunta, Mzee alinyoosha mkono apokee karatasi. Bibi akasema hana karatasi. Mzee akauliza kuna tatizo gani. Bibi akasema hakuna. Alikuwa anapita tu kwenda sokoni, akaona aingie aseme kwamba mtoto hajaugua tangu ule mtaro ufunikwe, amenenepa, anakula mpaka cha wenzake, na Jumanne ameanza shule. Akaaga, akaenda zake sokoni.

Kwa miaka thelathini na minne watu wamepita mbele ya mzee huyu wakiwa na jambo baya mkononi, na hakuna aliyekuwa amerudi kumwambia limekuwa zuri. Alibaki na mkono wake hewani. Kisha akalia, mbele yetu, bila kujificha, na mimi niliyemwita kichwa kigumu nikalia naye. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa bwana mwenye ombi la mbwa wanaozurura. Alitutazama kidogo, akasema mbwa wanaweza kungoja, akatuambia atarudi kesho.

Mzee wetu, kwa niaba ya Mkuu, Naibu, dada wa kitabu cha miadi na wote wa ghorofa zote nne, tunakushukuru kwa kazi na kwa ukaidi. Tunamshukuru na Mama kwa kutuazima wewe muda mrefu kiasi hiki. Nenda ukapumzike, ulale mchana bila mkutano, ule karanga popote upendapo. Uwe na afya, wewe na nyumba yako yote, na yule mtoto wa mtaroni asome mpaka achoke.